Waranti ya Kuongeza kwa Pikipiki ya Gongoni: Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

Dereva wa boda wa Gongoni akienda Malindi kununua pikipiki mpya, akaambiwa aongeze pesa kidogo apate mwaka mwingine wa waranti, mara nyingi anafaa kukataa. Sisemi kila mara, na wanaofaa kukubali nitawataja. Lakini kwa anayebeba abiria na mizigo kutoka steji ya Gongoni kwenda Marereni, Fundisa au ndani huko Marafa, pesa hizo zina kazi bora zaidi.

Kwanza tutenganishe bima na waranti, maana watu huzichanganya na kuumia. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, nayo humfidia yule uliyemdhuru barabarani. Bima kamili huongezea wizi na ajali kwa pikipiki yako mwenyewe. Waranti haihusiki na hayo yote. Inalipia kasoro iliyotoka kiwandani: beringi iliyotengenezwa vibaya, silinda yenye ufa, rektifaya iliyokufa bila sababu. Ukiibiwa pikipiki usiku, waranti ya miaka kumi haikusaidii kitu. Kwa hiyo mwenye pesa za kununua kimoja tu, bima kamili au waranti ya kuongeza, asiumize kichwa. Achukue bima.

Sasa tuje kwenye kilomita. Waranti nyingi za pikipiki huandikwa kwa muda na kwa mwendo, kile kitakachotangulia kuisha. Muuzaji hutaja miaka, lakini boda hula kilomita. Tuchukue mfano, nawe uweke tarakimu za karatasi utakayopewa. Waranti ya bure ni miezi 12 au kilomita 20,000. Ya kuongeza inafikisha miezi 24 au kilomita 35,000, kwa Sh 12,000. Boda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anamaliza kilomita 2,600 kila mwezi. Waranti ya bure inamwishia kabla ya miezi minane kutimia. Ile ya kuongeza, aliyoambiwa ni mwaka mzima, ni kilomita 15,000 tu, yaani hata miezi sita haifiki. Amelipia mwaka akapata nusu.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye bei. Ili waranti isife, servisi lazima ifanyike kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa oili waliyoitaja, na kitabu kipigwe muhuri. Kama ni kila kilomita 3,000, zile 15,000 ni safari tano za Malindi, kuvuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi, na kusubiri zamu. Kama siku yako ya kazi inakuachia Sh 800 ukishatoa mafuta, tayari ni Sh 4,000 juu ya zile 12,000. Jumla 16,000. Aliyenunua kwa mkopo aangalie zaidi, kwa sababu waranti huingizwa humohumo ndani ya deni. Ikiwa mkopo wako unakufanya ulipe mara moja na nusu ya ulichokopa, ile 12,000 itakuwa 18,000 ukishamaliza kulipa, na huenda waranti yenyewe ikaisha ungali unadaiwa.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kukataa ni chumvi.

Kuanzia hapa Gongoni kwenda juu hadi Kurawa ni nchi ya chumvi: mabwawa ya maji ya bahari yanayokaushwa na jua, malundo meupe, malori yanayopakia. Upepo wa kusi ukianza kuvuma kutoka baharini, kila chuma kinaonja. Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma unachokiona kikavu bado kina utando wa maji ya chumvi juu yake, na kutu inakula usiku kucha. Chukua pikipiki iliyofanya kazi huku mwaka mmoja, toa kiti, chomoa soketi ya waya inayoingia kwenye rektifaya. Utakuta unga wa kijani kwenye ncha za shaba. Huo ndio unaoua betri, unaofanya taa ziwake na kuzima, unaomfanya dereva abonyeze stata na kusikia mlio mmoja mkavu. Kisha inua gurudumu la nyuma uzungushe cheni kwa mkono. Viungo vimekakamaa, mahali inapofaa kunyooka inabaki imejikunja, na meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa.

Fungua sasa kijitabu cha waranti, ukurasa wa mambo yasiyolipwa, ule wenye maandishi madogo. Kwa kawaida utakuta kutu. Utakuta cheni na sproketi, tairi, breki, klachi, kebo, balbu, plagi na chujio, kwa sababu hivyo vinahesabiwa kuwa vya kuchakaa. Utakuta uharibifu wa kubeba kupita kiasi, na hapa kila mtu anajua mishikaki ya abiria watatu, magunia ya makaa na mitungi ya maji. Utakuta kufunguliwa injini na fundi asiyeidhinishwa, na waya zilizoguswa ili kufungwa redio au taa za ziada. Vijitabu vingine husema wazi kwamba pikipiki ya biashara ina masharti yake tofauti, au haimo kabisa. Uliza hilo kabla ya jambo lingine lolote, na jibu lisiwe la mdomo. Maana ukitoa yote hayo, kinachobaki ndani ya waranti ni kile ambacho si adui wa pikipiki za huku.

Kasoro za kiwandani nazo zina tabia yake. Zikiwepo, nyingi hujitokeza mapema, katika kilomita elfu chache za mwanzo, wakati waranti ya bure bado inafanya kazi. Baada ya hapo pikipiki hupita kipindi cha utulivu, kisha uchakavu unaingia. Waranti ya kuongeza huanza pale kipindi cha hatari ya kwanza kimepita na kuisha pale uchakavu unapoanza, na uchakavu hailipii. Kwa Sh 16,000 za mfano wetu, ungetaka uwe karibu na uhakika kwamba injini itakufa kwa kosa la kiwanda ndani ya miezi sita ileile. Mimi uhakika huo siuoni.

Pesa hizo ukizigawanya kwa siku za kazi tangu siku ya kununua hadi mwisho wa waranti hiyo, karibu siku 350, ni chini ya Sh 50 kwa siku. Weka Sh 50 kila jioni na utakuwa na 17,500. Mfuko huo unanunua cheni orijino badala ya feki, unabadilisha tairi kabla mvua za masika hazijaifanya barabara ya udongo kuwa utelezi, unamlipa fundi wa hapahapa siku ileile pikipiki ilipolala. Najua pingamizi: pesa ya akiba huliwa na karo, huliwa na matanga. Ni kweli, na si dhambi kumzika mtu wako. Ndiyo maana nashauri mfuko huu uwe wa chama cha steji, pesa ikae na mweka hazina, itoke kwa spea na fundi tu. Na sehemu ya kwanza ya pesa iende kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, brashi, na oili ya cheni. Soketi za waya zipakwe grisi pikipiki ikiwa bado mpya, wala usingoje unga wa kijani.

Nani basi anunue? Mwalimu au karani wa kampuni ya chumvi anayekwenda kilomita 20 kwa siku hafiki hata kilomita 500 kwa mwezi. Miezi yake 24 ataipata yote, na safari za servisi ni chache. Kama pikipiki yake ni ya kisasa, yenye injeksheni na kisanduku cha kompyuta ambacho fundi wa mtaani hana mashine ya kukipima, 12,000 inaweza kuwa bei ya haki. Vilevile anayenunua pikipiki ya umeme pamoja na betri yake. Betri hiyo ni sehemu kubwa ya bei yote, na waranti ndefu juu yake ina maana, mradi imeandikwa itashuka hadi uwezo gani ndipo ibadilishwe. Anayebadilishiwa betri kituoni, kama ilivyo kwa pikipiki za umeme za kampuni ya Spiro, hana haja ya waranti ya betri isiyo yake.

Na usiyenunua hukuachwa mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa, iwe umelipia waranti au hukulipia. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi Sh 1,000,000, na sheria iliyoiunda inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ili ufike huko unahitaji risiti yenye namba ya chesisi, kitabu cha servisi, na picha ya mita siku tatizo lilipoanza.

Wenye pikipiki wanaowapa vijana kuendesha na kupokea hesabu ya kila siku wana kazi ya ziada. Mwenye mali anabaki na waranti nyumbani, kijana anapeleka servisi kwa fundi wa karibu kwa sababu siku ya Malindi haina hesabu, na waranti inakufa bila yeyote kujua. Ukitaka kuinunua katika mpango huo, kwanza uandikiane na kijana kwamba siku ya servisi hesabu haidaiwi na nauli ya mafuta ni yako.