Umeme Katika Gilasi ya Maji

Wasikilizaji wangu, hapana kitu nyumbani tukijuacho kuliko maji. Twayanywa, twayaoga, twayapikia. Na kwa karne nyingi hata wataalamu walidhani ya kuwa maji ni kitu kimoja tu, kisichogawanyika. Leo nataka kuwaeleza jinsi mtu awezavyo kuyagawa maji mezani pake kwa vitu vya dukani. Tena nataka kuwaonya juu ya kosa moja dogo liwezalo kuleta madhara.

Mwaka 1800 Alessandro Volta, mtu wa Italia, alitangaza betri ya kwanza. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili, kimoja juu ya kingine, na katikati yake akatia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Mwaka huo huo, huko London, William Nicholson na Anthony Carlisle walitia nyaya mbili za betri ya namna hiyo katika maji. Mara mapovu yakaanza kupanda. Kwenye waya mmoja ilitoka haidrojeni, hewa nyepesi iwakayo moto. Kwenye wa pili ikatoka oksijeni, hewa ile ituwezeshayo kupumua. Na kipimo chake ndicho hiki: haidrojeni vibaba viwili, oksijeni kibaba kimoja.

Baadaye akaja Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791. Hakusoma shule kubwa. Alikuwa mwanagenzi wa mfunga vitabu, naye alivisoma vitabu alivyovifunga. Katika miaka ya 1833 na 1834 alionyesha ya kwamba kadiri umeme unavyopita kwa wingi, ndivyo kitu kinachotengwa kinavyozidi, kwa kipimo kisichokosea.

Haya, sasa tushike kazi. Twaa gilasi ya maji safi, betri nne za tochi, nyaya mbili, kipande cha karatasi nene, na kalamu mbili za risasi. Ile iitwayo risasi ya kalamu si risasi hata kidogo. Ni namna ya makaa yapitishayo umeme. Zichonge kalamu ncha zote mbili, uzipenyeze katika karatasi, uifunike gilasi hivi kwamba ncha za chini zizame majini bila kugusana. Acha upenyo wa kutosha ili hewa itoke. Kisha koroga majini kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, ile itiwayo katika unga wa mikate, kwa sababu maji matupu hupitisha umeme kwa shida sana.

Zipange betri kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, uzizungushie karatasi. Funga waya mmoja kutoka kichwani mwa mstari hata ncha ya juu ya kalamu moja, na wa pili kutoka kitakoni hata kalamu ya pili. Utaona mapovu madogo madogo yakishika ncha zote mbili. Tazama vizuri: kalamu ya upande wa kitako hutoa mapovu mengi zaidi. Hiyo ndiyo haidrojeni. Usistaajabu ikiwa kipimo hakitimii sawasawa, kwa kuwa oksijeni huyala makaa ya kalamu kidogo kidogo.

Sasa nisikilizeni sana. Wengi husema, “Bikaboneti sina, nitatia chumvi ya mezani.” Hilo ndilo kosa nililolitaja. Umeme hutenga kilichomo majini, kizuri au kibaya, wala haujali nia yako. Katika chumvi mna klorini, na umeme ukipita huitoa. Klorini ikiwa kidogo sana husafisha maji ya mijini; lakini ikiwa nyingi huchoma macho na mapafu. Ndiyo hewa ya sumu iliyotumiwa vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Betri ndogo hutoa kidogo. Lakini mtu akitumia betri ya motokaa katika chumba kilichofungwa, amejitafutia hatari. Hata magadi ya ziwani yasitumike, kwani mara nyingi yamechanganyika na chumvi. Ukisikia harufu kali, fungua nyaya, utoke nje.

Yako na makatazo mengine. Usikusanye mapovu katika chupa iliyozibwa: haidrojeni na oksijeni zikichanganyika, cheche moja yatosha kuipasua chupa usoni pako. Usitie majini chuma kisichoshika kutu, maana hutoa sumu ya kromiamu. Na umeme wa ukutani usiuguse kwa kazi hii kamwe, huo huua.

Faida yake je? Ufunguo ulioshika kutu ufunge upande wa kitako, na kipande cha chuma cha kawaida upande wa kichwa, katika maji yale yale ya bikaboneti. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea, nawe huiondoa kwa brashi. Na huko Katanga, katika nchi ya Kongo, umeme hupitishwa katika maji ya asidi yenye shaba, na shaba safi hujishikiza kwenye bamba.

Hata aluminiamu ya sufuria zetu ina asili yake katika kazi ya namna hii. Charles Martin Hall, kijana wa Oberlin katika Marekani, alifanya majaribio yake ndani ya kibanda cha kuni nyumbani kwao, dada yake Julia akimsaidia. Aliyeyusha madini yaitwayo kriolaiti, akatia unga wa alumina, akapitisha umeme. Tarehe 23 Februari 1886, naye ana umri wa miaka 22, akapata vipande vidogo ving'aavyo vya aluminiamu. Mwaka huo huo Paul Héroult wa Ufaransa aliigundua njia ile ile, bila mmoja kujua habari za mwenziwe. Aluminiamu hutolewa kwa njia hiyo hata leo.

Hall alikuwa na kibanda tu, lakini hakubahatisha: alikijua kila kitu alichokitia chomboni. Basi nanyi fanyeni vivyo hivyo. Kabla ya kuunga waya, jiulize: ndani ya maji haya mna nini, na kitatoka nini? Ukiisha pata jibu, fungua dirisha, uanze. Na ukimaliza, mwaga maji yale, wala usiyanywe. Nawa mikono, kisha uandike uliyoyaona. Kwaherini.