Suruali ya jinzi kwa mita moja na robo: tuliyojifunza Bulyaga



Katika toleo hili tunaeleza jambo linaloonekana dogo: jinsi fundi mwenye kitambaa kidogo anavyoweza kushona suruali ya jinzi inayodumu. Tunalieleza kwa sababu limetufundisha kosa letu wenyewe. Tulipoanza kusaidia kikundi cha ushonaji hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, tuliamini kwamba tatizo ni vyerehani. Tuliomba vyerehani, tukavipata, tukapiga picha. Baada ya miezi michache baadhi vilikuwa vimefunikwa kitenge, havina kazi. Akina mama walijua kushona. Walichokosa ni kitambaa, na hata kile kidogo walichonunua kiliishia sakafuni kama vipande visivyofaa kitu.

Hasara iko wapi?

Katika suruali ya jinzi, gharama kubwa ni kitambaa. Uzi, zipu na kifungo ni vya bei ndogo. Kikundi kilikuwa kikikata suruali moja kwa mita mbili, kwa kuogopa kupungukiwa. Jora la mita 30 likikatwa hivyo hutoa suruali 15. Likikatwa kwa mita moja na robo hutoa 24. Hizo suruali tisa za ziada ndizo faida, nazo hupatikana mezani kwa chaki na mkasi, kabla cherehani hakijaguswa.

Hatua za kukata

1. Kufua kwanza. Jinzi ni pamba nzito, na ikifuliwa mara ya kwanza husinyaa. Mita moja inaweza kupoteza sentimita 3 au zaidi. Ifuliwe peke yake kwa sababu hutoa rangi, ikauke kabisa, kisha ipigwe pasi. Kwa mvua zetu za Rungwe hili linataka subira, kwani jinzi yenye unyevu ikikatwa hutoa vipimo vya uongo.

2. Kupima upana. Jinzi nyingi zina upana wa sentimita 150 hivi, lakini zipo za 115. Mita moja na robo tunayoitaja ni ya upana wa 150, kwa mtu wa kimo cha kawaida mwenye nyonga ya sentimita 100 hivi. Aliye mnene au mrefu zaidi huhitaji zaidi, na mteja aelezwe hivyo mapema.

3. Kupanga vipande vyote kabla ya kukata chochote. Vipande vinne vya miguu, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kwa kipimo hicho huchukua jumla ya sentimita 140 hivi za upana kwenye nyonga. Vinaweza kulala sambamba kwa urefu wa jora. Kwa kuwa mguu hupungua kuelekea chini, mapengo hubaki kati yake. Humo ndimo hutoka mifuko ya nyuma na vitanzi vya kupitishia mkanda. Utepe mwembamba unaobaki ukingoni hutoa upande wa nje wa kiuno.

4. Kutumia kitambaa chepesi ndani. Mifuko ya ndani na upande wa ndani wa kiuno si lazima viwe vya jinzi. Bitana ya pamba au shuka imara iliyochakaa kidogo hufaa. Tena hupunguza unene, na sindano haivunjiki ovyo.

Kuna kubana kunakoleta hasara. Mguu usikatwe kwa kuulaza kukingama jora. Nyuzi za mtande, zile za buluu zinazokwenda kwa urefu, ndizo imara zaidi, na mguu uliokatwa vibaya hujipinda baada ya kufuliwa. Wala mtu asipunguze nafasi ya mshono kuwa chini ya sentimita moja. Suruali itafumuka mteja akiinama shambani, na hatarudi tena.

Cherehani cha kawaida kinatosha

Cherehani cha kukanyaga kwa miguu hushona jinzi vizuri kikitumiwa sindano namba 16, au 18 penye tabaka nyingi. Mshono mnene ugongwe kwanza kwa nyundo juu ya ubao, kisha fundi azungushe gurudumu kwa mkono taratibu. Mishono ya miguu hukunjwa, ukingo mmoja ukifunika mwingine, na kushonwa mistari miwili. Kwa njia hiyo kikundi kisicho na mashine ya kuzuia nyuzi kufumuka bado hutoa nguo imara.

Jinzi ya zamani nayo ni kitambaa

Suruali ya mitumba ya mtu mzima huchakaa magotini na makalioni, lakini sehemu nyingine za miguu hubaki nzima. Ukifumua miguu yote miwili na kuikwepa sehemu iliyolegea, unapata kitambaa cha kutosha suruali ya mtoto wa miaka mitano hivi. Tena imekwisha kusinyaa, na zipu yake mara nyingi hufaa.

Tusijidanganye hata hivyo kwamba mitumba itaondoka sokoni. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha ifikapo 2019. Rwanda iliongeza ushuru mkubwa, lakini Tanzania haikuendelea na mpango huo. Fundi wetu hawezi kushindana na mitumba kwa bei. Anashindana kwa kipimo: suruali ya kazi ya mkulima wa chai au viazi, ya mtoto, na ya mtu ambaye mitumba haimkai.

Fundi na mwenye kitambaa

Historia ya vazi hili ina funzo. Jacob Davis alikuwa fundi cherehani wa mji wa Reno, Marekani. Ndiye aliyebuni kuimarisha pembe za mifuko ya suruali za kazi kwa vipande vya shaba. Hakuwa na fedha za kusajili ubunifu wake, hivyo mwaka 1872 alimwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia kitambaa. Hataza ilitolewa tarehe 20 Mei 1873 kwa majina yao wote wawili. Ujuzi alikuwa nao fundi. Kilichokosekana ni mtaji, na mwenye kitambaa alikubali kuwa mwenzake.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: kabla ya kuandika ombi la cherehani kingine, hesabuni vilivyopo na muulize kwa nini vingine havifanyi kazi. Wekeni meza moja pana ya kukatia, na mpeni fundi mwenye mkono mzuri wa kukata nafasi ya kuwafundisha wengine. Fedha ya kitambaa iandikwe katika daftari lake. Kila suruali ikiuzwa, bei ya mita moja na robo irudi humo kwanza, ndipo faida igawanywe. Kikundi kinachokula fedha ya jora la kwanza hakinunui la pili.

Kwa marafiki wanaotusaidia: cherehani hupendeza katika picha, jora la kitambaa halipendezi. Lakini mkituuliza leo Bulyaga inahitaji nini, tutajibu bila kusita: jora moja, na siku chache za mafunzo ya kukata.