Mgomo wa wafanyakazi wa Google wa 2018

Mgomo wa wafanyakazi wa Google wa 2018 ulikuwa tendo la pamoja la wafanyakazi wapatao 20,000 wa kampuni ya teknolojia ya Google, waliotoka ofisini tarehe 1 Novemba 2018 katika miji ipatayo 50 duniani. Walipinga namna uongozi wa kampuni ulivyoshughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia, hasa yaliyowahusu wakubwa, pamoja na ukosefu wa usawa na uwazi kazini. Waandaaji waliliita tukio hilo matembezi ya kudai mabadiliko ya kweli.

Mgomo huo haukulenga kwanza nyongeza ya mishahara. Wengi wa walioshiriki walikuwa na kazi zenye malipo mazuri ambazo watu wengi duniani wangezitamani. Kilichowatoa nje ni imani kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na kanuni mbili: moja kwa wakubwa na nyingine kwa wafanyakazi wa kawaida. Kwa sababu hiyo tukio hili hutajwa mara nyingi linapojadiliwa suala la utamaduni wa kazi na uongozi katika kampuni za teknolojia.

Usuli

Google ilianzishwa mwaka 1998 katika jimbo la California, Marekani, na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tangu mwanzo ilijitangaza kuwa kampuni ya aina tofauti. Katika barua yao kwa wawekezaji ya mwaka 2004, waanzilishi waliahidi kwamba kampuni yao haitatenda maovu hata kama kufanya hivyo kungeleta faida ya muda mfupi. Wafanyakazi walipewa chakula bila malipo, na kila wiki ulifanyika mkutano mkuu ambamo mfanyakazi yeyote aliweza kuwauliza viongozi swali mbele ya wenzake.

Ahadi hiyo iliwavuta vijana wengi wenye ujuzi, lakini pia iliwafanya watarajie mengi. Waliozoea kuambiwa kwamba sauti yao ni muhimu walikasirika zaidi walipoona maamuzi makubwa yakifanywa kwa siri. Kampuni nayo ilikua haraka: mwaka 2015 iliwekwa chini ya kampuni mama mpya iitwayo Alphabet, na Sundar Pichai akawa mtendaji mkuu wa Google. Mwishoni mwa 2018 Alphabet ilikuwa na wafanyakazi wa kudumu karibu 99,000. Kwa mujibu wa takwimu za Google yenyewe za mwaka huo, wanawake walikuwa karibu asilimia 31 ya wafanyakazi wake, na katika ngazi za uongozi walikuwa karibu robo tu.

Mwaka 2018 ulikuwa na migogoro hata kabla ya mgomo. Miezi ya mwanzo, wafanyakazi zaidi ya 3,000 walitia saini barua ya kupinga mradi wa Maven, ambao kupitia huo Google iliisaidia Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuchambua picha za ndege zisizo na rubani kwa kutumia akili bandia. Wafanyakazi kadhaa walijiuzulu, na mwezi Juni kampuni ilitangaza kwamba haitaurefusha mkataba huo. Mwezi Agosti ilifichuka habari ya mradi wa siri wa kutengeneza injini ya utafutaji kwa ajili ya China, ambayo ingeficha habari zilizokatazwa na serikali ya nchi hiyo. Barua nyingine ya malalamiko ikafuata. Kwa njia hiyo wafanyakazi wa ofisi mbalimbali walikwisha kujuana na kujifunza kupanga mambo pamoja.

Chanzo cha mgomo

Tarehe 25 Oktoba 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha taarifa kuhusu Andy Rubin, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Android, aliyeondoka Google mwaka 2014. Kwa mujibu wa gazeti hilo, mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika kampuni alimtuhumu Rubin kwa kumlazimisha tendo la ngono, na uchunguzi wa ndani ya kampuni uliona tuhuma hiyo inaaminika. Hata hivyo Rubin aliagwa kwa heshima na kupewa malipo ya kuondokea ya dola milioni 90 za Marekani, yaliyolipwa kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Rubin alikanusha tuhuma hizo.

Siku hiyohiyo Pichai aliwaandikia wafanyakazi barua pepe akisema kwamba katika miaka miwili iliyotangulia kampuni iliwafukuza watu 48 kwa sababu ya unyanyasaji wa kijinsia, wakiwemo 13 wenye cheo cha meneja mwandamizi au cha juu zaidi, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepewa malipo ya kuondokea. Barua hiyo haikutuliza hasira. Wafanyakazi wengi waliona kwamba swali lao halikujibiwa: kwa nini mtu aliyetuhumiwa kwa kosa zito aondoke na mamilioni, ilhali aliyelalamika anatakiwa kunyamaza?

Claire Stapleton, meneja wa masoko wa YouTube, ambayo ni kampuni tanzu ya Google, alifungua kundi la barua pepe la kujadili hatua ya kuchukua. Katika siku chache watu wengi walijiunga. Wengine walisimulia humo mambo yaliyowapata, na kutokana na simulizi hizo waandaaji walitunga orodha ya madai. Miongoni mwa waandaaji alikuwemo pia Meredith Whittaker, mtafiti wa athari za akili bandia katika jamii.

Siku ya mgomo

Ilikubaliwa kwamba kila ofisi itoke saa tano na dakika kumi asubuhi kwa saa za mahali pake. Kwa hiyo mgomo ulianzia mashariki na kuelekea magharibi kadiri jua lilivyosogea: Tokyo na Singapore kwanza, kisha India, halafu miji ya Ulaya kama Zürich, Berlin, London na Dublin, na hatimaye New York na makao makuu ya Mountain View huko California. Baadhi ya wafanyakazi waliacha juu ya meza zao karatasi zilizoeleza kwa nini hawapo. Katika miji kadhaa walikusanyika nje, wakasimulia waliyoyapitia na kusoma madai yao.

Uongozi haukujaribu kuuzuia mgomo. Pichai alikwisha kutangaza kwamba wanaotaka kushiriki watasaidiwa kufanya hivyo, na akakiri kwamba kampuni haikufanya vizuri kila mara.

Madai

Waandaaji walitoa madai makuu matano:

1. Kukomesha usuluhishi wa lazima katika kesi za unyanyasaji na ubaguzi, na kumruhusu kila mfanyakazi aende na mwenzake au mwakilishi anapokutana na idara ya rasilimali watu.
2. Kukomesha tofauti zisizo za haki katika malipo na nafasi za kupanda cheo.
3. Kutoa hadharani ripoti inayoonyesha hali ya unyanyasaji wa kijinsia ndani ya kampuni.
4. Kuweka utaratibu ulio wazi, unaofanana katika nchi zote, wa kutoa taarifa za unyanyasaji kwa usalama na bila kutaja jina.
5. Kumfanya afisa mkuu wa masuala ya uanuwai awajibike moja kwa moja kwa mtendaji mkuu, na kumweka mwakilishi wa wafanyakazi katika bodi ya wakurugenzi.

Usuluhishi wa lazima ni nini

Dai la kwanza linahitaji maelezo. Kampuni nyingi za Marekani huweka katika mkataba wa ajira kifungu kinachosema kwamba mgogoro wowote kati ya mfanyakazi na mwajiri hautapelekwa mahakamani, bali utaamuliwa na msuluhishi binafsi. Mfanyakazi husaini kifungu hicho siku anapoajiriwa, wakati ambapo hana mgogoro wowote wala nguvu ya kukataa.

Watetezi wa utaratibu huu husema ni wa haraka na wa gharama nafuu kuliko mahakama. Wapinzani husema una kasoro kubwa: shauri husikilizwa faraghani, uamuzi mara nyingi haujulikani kwa umma, na nafasi ya kukata rufaa ni ndogo sana. Matokeo yake, watu kumi wanaweza kumlalamikia bosi mmoja kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Hiyo ndiyo sababu wagomaji wa Google waliliweka dai hili mbele: waliona kwamba usiri ndio uliowalinda wakosaji.

Majibu ya kampuni

Tarehe 8 Novemba 2018, wiki moja baada ya mgomo, Pichai alitangaza kwamba usuluhishi hautakuwa wa lazima tena katika malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia. Aliahidi pia taarifa zaidi kuhusu uchunguzi unaofanyika, utaratibu bora wa kupokea malalamiko, na mafunzo ya kila mwaka, ambapo asiyeyamaliza angepunguziwa alama katika tathmini ya kazi yake. Mwezi Februari 2019 kampuni ilipanua uamuzi huo: kuanzia 21 Machi 2019 usuluhishi wa lazima ulifutwa kwa migogoro yote kati ya Google na wafanyakazi wake.

Madai mengine hayakukubaliwa. Mwakilishi wa wafanyakazi hakuwekwa katika bodi, na afisa wa uanuwai hakupandishwa kama ilivyoombwa. Waandaaji walisifu hatua zilizochukuliwa, lakini walilalamika kwamba kampuni ilizungumzia unyanyasaji peke yake na kuacha suala la ubaguzi na malipo.

Wafanyakazi wa wakala

Kundi jingine lililobaki nje ni wafanyakazi wa muda na wa wakala, yaani watu wanaofanya kazi za Google huku wakiwa wameajiriwa na kampuni nyingine. Mwezi Machi 2019 walikuwa wapatao 121,000, zaidi ya wafanyakazi wa kudumu, ambao walikuwa 102,000. Walivaa vitambulisho vya rangi tofauti na hawakupata mafao yote ya wenzao. Kwa kuwa mwajiri wao kisheria hakuwa Google, mabadiliko ya Februari 2019 hayakuwabana waajiri wao.

Suala hilo halihusu Google peke yake. Nchini Kenya, watu waliochuja picha na maandishi ya kutisha kwa ajili ya Facebook waliajiriwa na kampuni ya kati jijini Nairobi. Kuanzia 2022 baadhi yao walifungua kesi, na Meta, mmiliki wa Facebook, ilijitetea kwamba si mwajiri wao na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Tuhuma za kulipiza kisasi

Mwezi Aprili 2019 Stapleton na Whittaker walidai kwamba waliadhibiwa kwa kuandaa mgomo. Stapleton alisema alielezwa kwamba atashushwa cheo, na Whittaker alisema alitakiwa kuacha utafiti wake kuhusu maadili ya akili bandia. Kampuni ilikanusha. Tarehe 1 Mei 2019 wafanyakazi walikaa chini katika ofisi kadhaa kupinga ulipizaji kisasi. Wanawake hao wawili waliondoka Google mwaka huohuo.

Mwezi Novemba 2019 kampuni iliwafukuza wafanyakazi wanne waliokuwa wanaharakati, ikisema walikiuka kanuni za usalama wa taarifa. Wao walisema kosa lao lilikuwa kuwahamasisha wenzao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 kuhusu mahusiano ya kazi inawalinda wafanyakazi wanaoungana kutetea hali zao, hata kama hawana chama. Desemba 2020 bodi ya serikali inayosimamia sheria hiyo ilitoa mashtaka dhidi ya Google kuhusu upelelezi na ufukuzaji wa wafanyakazi. Wakati huohuo, mkutano mkuu wa kila wiki, uliokuwa alama ya uwazi wa kampuni, ulikuwa umekwisha kugeuzwa kuwa wa kila mwezi tangu mwishoni mwa 2019.

Matokeo

Siku chache baada ya uamuzi wa Google wa Novemba 2018, Facebook, Airbnb na eBay nazo zilifuta usuluhishi wa lazima kwa kesi za unyanyasaji wa kijinsia. Microsoft na Uber zilikwisha kufanya hivyo kabla. Tarehe 3 Machi 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria inayowaruhusu waathiriwa wa unyanyasaji huo kote Marekani kwenda mahakamani, hata kama mkataba wao una kifungu cha usuluhishi.

Wanahisa nao walichukua hatua. Kesi walizofungua dhidi ya viongozi wa Alphabet zilimalizika Septemba 2020 kwa makubaliano. Kampuni iliahidi kutumia dola milioni 310 kwa muda wa miaka kumi katika mipango ya usawa na uanuwai, na kutompa malipo ya kuondokea mtu anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Tarehe 4 Januari 2021 wafanyakazi zaidi ya 200 walitangaza Chama cha Wafanyakazi wa Alphabet, kilichofungua milango pia kwa wafanyakazi wa wakala. Kwa kuwa kilianza kama chama cha wachache, hakikuwa na haki ya kisheria ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Kwa jumla, mgomo ulifanikiwa zaidi palipokuwa na kanuni moja ya kufutwa, kama usuluhishi wa lazima. Haukufanikiwa katika madai yaliyohusu mgawanyo wa madaraka, hasa kiti cha mfanyakazi katika bodi.