Muhogo Mchungu na Siku za Bibi

Katika nyumba nyingi zinazolima muhogo mchungu kuna mtu mmoja anayejua kama muhogo umekuwa tayari. Mara nyingi mtu huyo ni bibi. Hana saa wala kipimo. Anatia mkono ndani ya pipa, anabonyeza muhogo kwa kidole, kisha anasema, "Bado." Vijana wananung'unika kwa sababu wana njaa. Bibi hajali. Muhogo unabaki majini mpaka kesho.

Neno hilo "bado" ni mali ya ukoo, kama shamba lilivyo mali ya ukoo. Likipotea, watu wanaweza kulemaa.

Muhogo haukuanzia kwetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta Afrika katika miaka ya 1500. Wenyeji wa huko Amerika walikuwa na njia yao ya kuutayarisha. Waliukuna, wakaukamua maji. Wazee wetu walipata vijiti vya kupanda, na njia za kupika wakazitafuta wenyewe. Ndiyo maana leo njia zinatofautiana. Watu wa Kanda ya Ziwa wanautengeneza udaga. Wengine wanauloweka mtoni au katika pipa. Kila mahali watu hujifunza kwa mama na kwa bibi, jikoni.

Huenda mtu akauliza, "Kama muhogo mchungu una sumu, kwa nini tunaulima?" Mkulima anazo sababu zake, na ni za akili. Nguruwe na nyani hawaupendi sana. Mwizi hawezi kuuchimba na kuutafuna njiani. Unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukingoja siku ya njaa. Mimi ni afisa ugani, na simwambii mtu aung'oe. Ninamwomba autayarishe kama inavyotakiwa.

KAZI YA KUNGOJA

Ndani ya muhogo kuna kitu kinachoweza kugeuka sumu iitwayo sianidi. Muhogo mtamu unacho pia, lakini ni kidogo. Mchungu unacho kingi. Wakati wa ukame huongezeka zaidi, hata katika mbegu ile ile.

Muhogo ukilowekwa au ukivundikwa, hulainika. Ukilainika, kitu hicho huvunjika. Sumu hutoka kama hewa, au huondoka na maji. Muhogo ulio mgumu bado umeishika sumu yake. Kwa hiyo bibi anapobonyeza kwa kidole, anapima sumu, ingawa yeye halitumii neno hilo.

Kuuchemsha muhogo mchungu peke yake hakutoshi. Kuuanika juani peke yake hakutoshi pia. Ukikauka upesi, ile kazi ya kuvunjika husimama kabla sumu haijaisha. Unga wake utakuwa mweupe na mzuri wa kutazama, lakini sumu imo.

Mtu aliyekula sumu hiyo kwa wingi huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Mpelekeni zahanati mara moja. Watu wengine wamekufa.

KONZO

Kuna madhara mengine ambayo ni mabaya kwa namna yake. Watu wakila muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kila siku, kwa wiki nyingi, bila kitoweo cha maana, huweza kupata ugonjwa uitwao konzo. Mtu huwa mzima, kisha ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Anatembea kwa vidole, magoti yakigongana, au hawezi kutembea kabisa. Hakuna dawa ya kuurudisha mguu ulivyokuwa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Jina konzo ni la Kiyaka, lugha ya Kongo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Na kwetu Tanzania ulitokea mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana mkoani Mtwara.

Watu wa sehemu hizo hawakuwa wajinga wa muhogo. Walikuwa wakiulima na kuula miaka mingi. Njaa ndiyo iliyowaharakisha. Mahindi na mtama yamekauka, ghala ni tupu, mtoto analia. Katika hali hiyo nani atangoje siku nne? Siku nne zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Na ukame wenyewe umeshaongeza sumu ndani ya muhogo. Siku ambazo kungoja ni kugumu ndizo siku ambazo kungoja kunatakiwa zaidi.

Siku hizi kuna haraka nyingine pia. Mashine ya kusaga inasaga hata muhogo ambao haukulainika, na mwenye kinu cha kutwangia angeuona mgumu akauacha. Mnunuzi naye anataka unga mweupe usio na harufu. Wako watu wa mjini wanaocheka harufu ya udaga. Kwa maoni yangu, harufu hiyo si ya kuionea aibu. Inaonyesha kwamba mama mwenye nyumba hakuruka siku.

NAMNA YA KUFANYA

Kwa kuloweka, menya muhogo, uukate vipande, uutie katika maji. Ngoja siku 3 hadi 5. Penye baridi huchukua muda zaidi. Ubonyeze: kidole kikiingia kwa urahisi, uko tayari. Utoe, uukamue, uumenyue nyuzi za katikati, uuanike mpaka ukauke kabisa. Maji yake yamwage mbali na mifugo. Maganda mabichi pia usimpe mbuzi, yanaweza kumwua.

Kwa udaga, menya muhogo, uuanike kidogo, kisha uurundike na kuufunika kwa majani au magunia kwa siku 3 hadi 5, mpaka ulainike na kuota ukungu. Ukwangue ukungu wote, uuvunje vipande vidogo, halafu uuanike.

Je, kama unga umeshasagwa na huna hakika nao? Iko njia iliyoenezwa na wataalamu wa Australia katika miaka ya 2000, na imefundishwa katika vijiji vya Mtwara. Tia unga katika bakuli, uweke alama ndani ya bakuli pale unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze unga huo juu ya mkeka safi, uwe mwembamba usiozidi sentimita moja. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu nyingi itaondoka na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo. Mimi naipenda njia hii kwa sababu haigharimu kitu, na inafaa sana kwa unga wa kununua. Lakini ni ya kuongezea. Siku za kuloweka zibaki pale pale.

Kisamvu nacho kinataka kutwangwa hasa, kisha kuchemshwa muda mrefu bila kufunika chungu. Tena usile ugali wa muhogo na chumvi tu. Maharage, karanga, dagaa au samaki huusaidia mwili kupambana na sumu iliyobaki.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Vijiti vya muhogo husafiri upesi kuliko mapishi yake. Jirani anakuomba vijiti, unampa, anakwenda navyo kwa mkwewe wilaya nyingine. Huko wamezoea muhogo mtamu, wa kuchemsha na kula na chai. Unapogawa mbegu ya muhogo mchungu, mwambie mwenzako siku zake.

Nawe uliyejifunza kusoma na kuandika, chukua daftari ukae na bibi yako jikoni. Andika jina la mbegu, kama anavyoliita yeye. Andika inalowekwa siku ngapi wakati wa masika, na siku ngapi wakati wa baridi. Mwulize anaweka ukubwa gani wa kipande. Mwulize alifanya nini mwaka wa njaa, wakati watoto walipokuwa wakilia. Bonyeza muhogo pamoja naye, ulio tayari na usio tayari, mpaka kidole chako kijue tofauti. Kisha msomee ulichoandika, akusahihishe.