Je, Wajua? Barafu ya Kibo Imehamia Ohio

Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio nchini Marekani, hauna mlima hata mmoja wa kujivunia. Lakini katika chuo kikuu cha jimbo hilo kuna watu ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakipanda milima ya watu wengine na kurudi na barafu. Kituo chao, kilichoanzishwa mwaka 1960, leo kinaitwa Kituo cha Byrd cha Utafiti wa Ncha za Dunia na Tabianchi. Byrd mwenyewe ni Richard Byrd, yule ofisa wa jeshi la majini aliyeruka kwa ndege juu ya Ncha ya Kusini mwaka 1929. Yaliyomo humo yanatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kipande cha Kilimanjaro kiko jokofuni Marekani

Mwanzoni mwa mwaka 2000, kikosi kilichoongozwa na Lonnie Thompson wa kituo hicho kilipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kikiwa na keekee, kikatoboa barafu sehemu sita, kikishuka hadi kugonga mwamba. Waliyoyatoa yalikuwa magogo ya barafu ya mviringo, na mashimo marefu zaidi yalifika karibu mita 50. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700. Yaani ilipoanguka kama theluji, hakukuwa na piramidi Misri, na hindi lilikuwa bado halijawa hindi.

Barafu husoma hali ya hewa bila kujua kusoma. Maji yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, na uwiano wake katika theluji hubadilika kadiri joto na mvua vinavyobadilika. Ukipima gogo kipande kwa kipande kutoka juu hadi chini, unapata historia ya mvua na ukame kabla ya mtu yeyote kuwa na kalamu.

Ukiyasimamisha magogo yao yote, yanaupita mlima wenyewe

Vyumba baridi vya kituo vina zaidi ya mita 7,000 za magogo ya barafu kutoka Peru, Tibet, Bolivia, Antaktika, Papua na kwetu. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Yapange wima, gogo juu ya gogo, na Kibo anabaki chini kwa zaidi ya kilomita moja.

Ubaridi wa humo ni takriban nyuzi 34 chini ya sifuri. Friza la dukani kwa Mangi kwa kawaida huishia 18. Umeme ukikatika, kinachoyeyuka si samaki wa wiki iliyopita.

Ukame wa miaka 4,000 iliyopita unaonekana kwa macho

Katika gogo mojawapo la Kibo kuna mstari mweusi wa vumbi wenye unene wa milimita 30 hivi, karibu upana wa vidole viwili. Huhitaji darubini kuuona. Watafiti waliutafsiri kuwa alama ya ukame mkali uliodumu muda mrefu yapata miaka 4,000 iliyopita, wakati ambao si mbali na kuporomoka kwa Ufalme wa Kale wa Misri.

Sasa fikiria vumbi hilo lilifikaje huko. Upepo uliliokota kwenye ardhi iliyopasuka, ukalipandisha hadi karibu mita 6,000 angani, ukalitua juu ya theluji, na miaka ikapita ikilifunika. Sisi tunaambiwa na wazee habari za njaa ya miaka ya nyuma, na jina la kila njaa linatusisimua. Hii haina jina, lakini imeandikwa kwa udongo wa nchi yenyewe. Kabla yake, magogo hayohayo yanaonyesha, ukanda huu ulikuwa na maji ya kutosha: Ziwa Chad lilikuwa bahari ndogo, na maziwa ya Bonde la Ufa yalikuwa yamefurika kuliko leo.

Barafu ya Kibo inaondoka bila kuwa maji

Habari hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu karibu kila mtu anaisimulia kinyume. Mwaka huohuo wa 2000, watafiti wa kituo kingine cha chuo kikuu, kile cha Mfumo wa Tabianchi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walisimika mitambo ya kupima hali ya hewa juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini wa Kibo. Joto la wastani pale ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu itayeyukaje katika baridi hiyo?

Sehemu kubwa haiyeyuki. Hewa ya kileleni ni kavu mno na jua ni kali, hivyo barafu hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hatua ya maji. Ndiyo sababu barafu ya Kibo ina kuta zilizosimama wima kama zimekatwa kwa msumeno, nyingine za makumi ya mita. Na ndiyo sababu theluji mpya ni muhimu sana: ikianguka, uso mweupe huurudisha mwanga wa jua, isipoanguka, barafu chafu hulinywa jua lote. Kwa hiyo tatizo la Kibo si joto la hewa peke yake. Kupungua kwa mvua na mawingu tangu mwishoni mwa karne ya 19 kuna mkono wake.

Kuna jambo jingine ndani ya hili. Maji ya mifongo, yaani mifereji ya Wachagga, na ya mito inayoteremka kwenda Pangani, kwa sehemu kubwa kabisa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani. Anayetaka kuyalinda maji ya Moshi aangalie msitu kwanza, kisha kilele.

Mwaka 1912 kuna mtu aliteleza juu ya theluji ya Kibo kwa mbao miguuni

Walter Furtwängler, Mjerumani, alifika kileleni mwaka huo na mwenzake Siegfried König, wakatumia skii kushukia. Barafu iliyokuwa ndani ya kasoko bado inaitwa kwa jina lake. Kaka yake, Wilhelm, alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa muziki wa okestra barani Ulaya.

Mwaka huohuo wa 1912 ndio tuliopewa ramani nzuri ya barafu ya Kibo: kilomita za mraba 12 hivi, sawa na viwanja vya mpira karibu 1,700. Kufikia mwaka 2000 zilibaki 2.6, viwanja kama 360.

Waliitabiria kifo, ikakataa kufa kwa tarehe

Utafiti wa kikosi cha Thompson uliochapishwa mwaka 2002 ulisema barafu ya Kibo ingeweza kuisha kati ya 2015 na 2020. Tarehe hizo zimepita na mabaki yapo. Anayepanda leo bado anayaona. Wapo waliolishangilia hilo kama ushahidi kwamba hakuna tatizo. Mimi naona wamecheka mapema: vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa kati ya mwaka 2000 na 2007 pekee, zaidi ya robo ya barafu iliyokuwepo ilitoweka. Walikosea saa ya basi, si njia yake.

Shahidi mkuu wa barafu alitaka kuwa mtaalamu wa makaa ya mawe

Thompson alizaliwa West Virginia, jimbo la migodi, na alikwenda Ohio kusomea jiolojia ya makaa ya mawe. Kibarua cha kuchunguza barafu ya Antaktika kikamgeuza. Mke wake, Ellen Mosley-Thompson, naye ni mtafiti wa barafu na amewahi kukiongoza kituo hicho. Wakagawana dunia: mume akashika milima ya tropiki, mke akashika zaidi ncha za dunia. Mwaka 2012 moyo wa Thompson ulishindwa kabisa akapandikizwa wa mtu mwingine. Mwaka 2015 alikuwa tena kazini kwenye barafu ya Guliya, Tibet, zaidi ya mita 6,000 juu ya usawa wa bahari.

Walishtakiwa kwa kutoboa fuvu la mungu

Mwaka 2010 kikosi hicho kilikwenda Puncak Jaya, Papua, Indonesia, kwenye barafu ya mwisho ya tropiki kati ya Himalaya na Andes. Ilinyesha karibu kila siku, mvua juu ya barafu, jambo ambalo mtafiti wa barafu haombei. Tatizo kubwa zaidi lilitoka bondeni. Kwa wenyeji, mabonde na vilima ni mikono na miguu ya mungu wao, na barafu ni kichwa chake. Wageni walikuwa wanatoboa fuvu na kuiba kumbukumbu.

Thompson amesimulia kwamba hakuwa na la kubisha, kwani hicho ndicho hasa walichofuata: kumbukumbu. Mazungumzo marefu yalifanyika na wenyeji, na mwishowe magogo yakaruhusiwa kuondoka. Huko Peru mwaka 2019, kwenye mlima Huascarán, hali ilikuwa ngumu zaidi: baadhi ya wakazi walishuku kwamba watafiti wale walikuwa wanatafuta madini, na kazi ikakatizwa. Ukiwa umekulia karibu na mgodi wowote, utawaelewa wakazi hao bila kufafanuliwa.

Moshi wa Potosí umo ndani ya barafu

Wahispania walipoanza kuyeyusha fedha kwa wingi kwenye mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, karne ya 16, madini ya risasi yalipanda na moshi yakatua kwenye barafu ya Quelccaya nchini Peru. Watafiti wa Ohio waliyakuta yakiwa yamelala katika tabaka la miaka ileile. Uchafuzi wa hewa, kumbe, ulikuwepo Amerika Kusini karne mbili na zaidi kabla ya viwanda vya mvuke vya Uingereza.

Barafu nyingine husema kwa kukosa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha chembe za mionzi karibu kila penye barafu. Walipotoboa Naimona'nyi, Tibet, mwaka 2006, hawakuzikuta. Tabaka za juu zilikwisha kuondoka pamoja na miaka hiyo yote.

Virusi wa miaka 15,000

Katika barafu ya Guliya watafiti wa Ohio walitambua aina 33 za virusi. 28 kati yake hazikuwahi kujulikana na sayansi. Usikimbilie barakoa: wengi ni wale wanaoshambulia bakteria, si binadamu.

Wanawake sita walifika Ncha ya Kusini kwa hatua moja

Mtu wa kwanza, Roald Amundsen, alifika pale mwaka 1911. Mwanamke wa kwanza alifika miaka 58 baadaye, na kwa makusudi kabisa hakuna anayeweza kusema alikuwa nani. Tarehe 12 Novemba 1969, wanawake sita walishikana mikono mlangoni mwa ndege ya jeshi, wakashuka kwa pamoja ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Wanne kati yao walitoka Ohio, kwenye taasisi hii hii wakati ikiitwa Taasisi ya Masomo ya Ncha za Dunia, wakiongozwa na mwanakemia wa miamba Lois Jones. Jeshi la majini la Marekani, lililokuwa na usafiri wote, lilikuwa limekataa kwa miaka mingi kuwapeleka wanawake Antaktika. Baada ya sherehe hiyo fupi, kikosi cha Jones kilirudi kwenye mabonde makavu ya bara hilo, kikaendelea kukusanya mawe na kubeba mizigo yake chenyewe.

Mawe ya Antaktika huazimwa kama vitabu

Kituo hicho kina ghala la makumi ya maelfu ya sampuli za miamba ya ncha za dunia, zilizokusanywa na vizazi vya wasafiri. Mtafiti anayetaka kipande huomba akaazimwa, bila kulazimika kufunga safari ya Antaktika. Walimu wa shule nao wana fungu lao: sanduku la mawe linalopelekwa darasani ili watoto wayashike, wayapime uzito kwa viganja, na kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuyapanga.