Programu ya kulipia kila mwezi: fahamu makato kabla hujajiunga

Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa samaki hapa Somanga. Umepakua kwenye simu programu ya kutunza hesabu za mauzo na madeni. Imeandikwa: siku 7 za kwanza ni bure. Umejaribu, hukuipenda, ukaifuta. Mwisho wa wiki unakuta pesa imekatwa. Je, umeibiwa?

Mara nyingi jibu ni hapana. Ulipojiunga ulikubali kukatwa muda wa bure ukiisha. Kuifuta programu kwenye simu si kujitoa. Ni sawa na kuhama nyumba bila kumwambia mwenye nyumba: kodi inaendelea kuhesabiwa.

Unalipa kwa njia gani?

Ya kwanza ni pesa ya simu, yaani M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Kwa kawaida hapa wewe ndiye unayetuma. Unaweka namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu, kiasi, halafu namba ya siri. Usipoweka namba ya siri, hakuna kinachoondoka. Ubaya wake ni kwamba ukisahau kulipa, huduma inasimama.

Ya pili ni kadi ya benki, au kadi ya mtandaoni inayofunguliwa ndani ya pesa ya simu, kama ile ya Visa iliyo kwenye M-Pesa. Hapa kampuni ndiyo inayovuta pesa kila mwezi, bila kukuuliza tena. Kama unatumia kadi ya aina hii, weka kiasi kile tu unachokusudia kulipa.

Ya tatu ni kukatwa kwenye salio la muda wa maongezi. Inatumika sana kwa huduma za ujumbe mfupi, na makato yake ni madogo madogo ya kila siku, hivyo ni rahisi kutoyaona. Vocha ikiisha haraka kuliko kawaida, angalia kama umeunganishwa na huduma usiyoitumia.

Kwa nini bei inabadilika?

Programu nyingi za nje bei yake ni ya dola. Tangu Julai 2022 huduma za mtandaoni zinazotoka nje zinatozwa pia VAT ya Tanzania. Kwa hiyo programu ya dola 5, kodi ikiwa asilimia 18, inafika dola 5.90. Dola ikiwa shilingi 2,500, utakatwa shilingi 14,750. Ikipanda hadi 2,700, utakatwa 15,930, ingawa kampuni haijapandisha bei.

Tena kumbuka, mwezi unahesabika hata mtandao usipokuwepo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima. Anayelipia kwa mwezi siku zake zilikuwa zinapita.

Unajitoaje?

Kama ulijiunga kupitia Play Store, ifungue, gusa picha yako juu upande wa kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua programu husika, kisha sitisha. Fanya hivyo angalau siku moja kabla ya tarehe ya makato. Ukisitisha katikati ya mwezi, kwa kawaida utaendelea kuitumia mpaka siku ulizolipia ziishe.

Tunza ujumbe wa kila malipo. Ukiona makato usiyoyaelewa, anza na huduma kwa wateja ya mtandao wako au benki, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Kama ni mtandao wa simu na hukuridhika, peleka malalamiko TCRA.

Na mtu akikupigia akisema anakurudishia pesa ya programu, umtajie namba ya siri, huyo ni tapeli. Kata simu, kisha tuma namba yake kwenda 15040.

Msikilizaji, kabla hujabonyeza kitufe cha kujiunga, jiulize maswali matatu: nitakatwa kiasi gani, tarehe ngapi, na nitajitoa wapi? Usipopata majibu, usijiunge.