Damu ya miaka iliyopita na maradhi ya leo

Jeshi la Marekani halikuanza kuhifadhi damu kwa sababu ya lupusi. Lilikuwa likiwapima askari wake Virusi vya Ukimwi tangu miaka ya 1980, na seramu iliyobaki ikawekwa kwenye baridi kali badala ya kumwagwa. Baadaye watafiti walipekua mafaili ya wagonjwa, wakapata askari 130 wenye lupusi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Kisha wakarudi kwenye hifadhi kuzitafuta seramu za watu walewale za wakati walipokuwa wazima. Matokeo yalichapishwa 2003: askari 115 walikwisha kuwa na kingamwili potovu kabla ya kuambiwa wanaumwa, wengine zaidi ya miaka 9 kabla. Tena hazikuja ovyo. Zile zinazoshambulia viini vya seli zilitangulia. Nyingine, kama anti-Sm, zilichelewa hadi ugonjwa ulipokaribia kujitokeza.

Zinapotajwa benki za sampuli, sifa ya kwanza kutolewa huwa ni ukubwa. UK Biobank ya Uingereza iliandikisha watu 500,000 kati ya 2006 na 2010, na idadi hiyo huvutia vichwa vya habari. Wingi una kazi yake, hasa ugonjwa ukiwa adimu. Lakini kilicholeta jibu la lupusi ni kwamba damu ilichukuliwa mapema, na kila chupa iliweza kuunganishwa na faili la mwenyewe. Damu ya mgonjwa ikipimwa leo peke yake, haisemi kama kingamwili zilitangulia ugonjwa au zilifuata nyuma yake. Kumuuliza mgonjwa nako kuna mipaka, maana mtu aliyeumizwa na viungo kwa miaka huanza kuitafuta sababu katika kila kitu alichowahi kula au kufanya.

Baridi yabisi ya aina ya rumatoidi, ile inayovimbisha vifundo vya vidole vya mikono yote miwili na kumfanya mtu ashindwe kufunga kifungo cha shati asubuhi, ina ushahidi wa namna hiyohiyo. Huko Uholanzi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 79 ambao zamani walikuwa wachangiaji damu. Katika chupa zao za zamani, karibu nusu walikutwa na kingamwili za ugonjwa huo kabla ya maumivu kuanza, kwa kawaida miaka 4 au 5 kabla.

Hapo mwenye shaka atauliza: na ile nusu nyingine? Ni swali la haki. Wapo wanaougua bila kutanguliwa na dalili yoyote kwenye damu, na wapo wenye kingamwili hizo wasiougua maisha yao yote. Kwa hiyo kipimo hiki hakifai kutumiwa kumtangazia mtu ugonjwa. Kinafaa kuonyesha nani wa kuangaliwa kwa karibu. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na Uholanzi na kuchapishwa 2024, watu 213 wenye kingamwili na maumivu ya viungo, ila bado bila uvimbe, walipewa ama dawa ya abatasepti ama dawa bandia kwa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, waliopata ugonjwa walikuwa asilimia 6 kwa wenye dawa na 29 kwa wenzao. Baada ya miaka miwili, dawa ikiwa imeshasimamishwa, pengo lilikuwa limepungua: 25 kwa 37. Ugonjwa ulicheleweshwa, haukung'olewa. Hata hivyo, kwa fundi cherehani au mkulima wa jembe la mkono, mwaka mmoja wa vidole vizima si kitu cha kudharau.

Pingamizi zito zaidi ni la siri za watu. England ilitangaza mwaka 2013 mpango wa care.data wa kukusanya mafaili ya madaktari wa familia. Wananchi wakahisi taarifa zao zinachukuliwa bila wao kuelezwa, na 2016 mpango ukafungwa. Wanaosema umma haukuielewa sayansi wanajifariji. Umma ulielewa vizuri sana kwamba haukuulizwa. Ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ya mtoaji, namba za siri badala ya majina na haki ya kujitoa hupunguza kasi ya utafiti, kweli, lakini bila hayo chupa zitajaa na watu watakataa kuendelea kufuatiliwa.

Kisha kuna suala la damu ya nani. Sehemu kubwa mno ya sampuli hizi ni za watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la jeni ya PTPN22, linalotajwa sana miongoni mwa yale yanayoongeza hatari ya baridi yabisi kwao, ni nadra kwa Waafrika, hivyo hesabu ya hatari iliyojengwa juu yake haimfai mwanamke wa Morogoro. Pwani ya Kenya, Kilifi imekuwa ikiunganisha orodha ya wakazi wake, iliyoanzishwa 2000, na wanaolazwa katika hospitali ya hapo, hasa kwa ajili ya malaria na maradhi mengine ya kuambukiza. Kazi ngumu ya kumfuata mtu kutoka kijijini hadi wodini imekwisha kufanyika kwa watoto wenye homa. Bibi zao wenye vidole vilivyopinda wanaishi katika nyumba zilezile.